Feni zilizolaumiwa bure: kisa cha kompyuta ya studio Sinza, Dar es Salaam

Malalamiko yalikuja mawili kwa mpigo. Kwanza, kila sauti iliyorekodiwa ilikuwa na mvumo wa chini chini, hausikiki biti ikiwa juu, lakini unachomoza pale msanii anapovuta pumzi. Pili, kurenda video za harusi (kompyuta kuzitoa zikiwa kamili baada ya kuhaririwa) kulikuwa kunazidi kuchelewa, na kunachelewa zaidi mchana kuliko usiku. Mwenye studio alishajipangia dawa: feni tatu "za nguvu". Kariakoo alishaonyeshwa moja nene ya milimita 38, aina ya zile zinazotolewa kwenye seva, na muuzaji akamhakikishia: "Bosi, hii inapuliza kama jenereta." Muuzaji hakudanganya. Ilipowashwa kwa majaribio ilidumu kama dakika moja hivi, ikazimwa.

Chumba chenyewe ni mita 3 kwa 3.5, ghorofa ya chini. Mlango mmoja. Dirisha limezibwa, kuta zote zimevalishwa sponji ya kuzuia mwangwi. Kiyoyozi kipo, ila maiki ikifunguliwa kinazimwa, maana nacho kinavuma. Maiki iko mita 1.2 kutoka kwenye kompyuta na hakuna pa kuisogeza.

Kompyuta ina prosesa ya Ryzen 5 5600 yenye hitsinki (chuma chenye mapezi cha kunyonya joto) ndogo iliyokuja nayo kwenye boksi, kadi ya grafiki GTX 1660 Super, na kasha la kioo mbele na kioo ubavuni. Nyuma ya kioo cha mbele zimepangwa feni tatu za milimita 120 zenye taa za rangi, na mgongoni mwa kasha ipo moja. Taa ndizo zilizouza kasha hilo. Feni za mbele zimechomekwa kwenye plagi ya Molex, ile pana ya pini nne iliyokuwa ya diski za zamani: waya wa njano volti 12, mwekundu volti 5, myeusi miwili ya kurudishia. Feni iliyounganishwa hivyo haijui kama mashine imelala au inarenda. Inakimbia raundi 1200 kwa dakika tangu unapowasha mpaka unapozima.

Nani anayepiga kelele

Kabla ya kununua chochote ilibidi ijulikane kelele inatoka wapi, na hapo studio ilikuwa na kifaa ambacho ofisi nyingi hazina: maiki nzuri. Vipima sauti vya bei nafuu vinavyouzwa mjini kwa kawaida vinaanzia desibeli 30, na usahihi wake ni kama desibeli 1.5 juu au chini. Chini ya hapo vinabahatisha. Programu za simu ni mbaya zaidi, kwa sababu simu nyingi zina kawaida ya kujiongezea na kujipunguzia usikivu zenyewe. Lakini maiki ya studio, ukifunga usikivu wake mahali pamoja na usiuguse tena, inatoa tofauti kati ya hali moja na nyingine kwa uaminifu mkubwa. Unarekodi sekunde 30 kompyuta ikiwa imezimwa kabisa (kwa rekoda au laptopu iliyokaa mbali), unarekodi sekunde 30 ikiwa imewashwa, unalinganisha wastani wa kiwango. Namba yenyewe haina maana nje ya chumba hicho, ila tofauti ina maana.

Saa ya kupimia ni muhimu kuliko kifaa. Sinza mchana kuna bajaji, pampu ya maji ya jirani na genge la mama ntilie. Kipimo cha mchana kinapima mtaa. Vipimo vyote vya kelele vya kisa hiki vilichukuliwa saa nane usiku, pangaboi la sebuleni limezimwa, friji limechomolewa. Chumba kikiwa kimya kilisoma desibeli 32. Kipima sauti kiliwekwa sentimita 30 kutoka mbele ya kasha, wala si mita 1 kama viwanda vinavyofanya, kwa sababu kwa mita 1 kelele ya feni ingezama ndani ya kelele ya chumba. Hapo kuna kanuni ya kukumbuka: chanzo kikizidi chumba kwa desibeli 10, puuza chumba, kikizidi kwa 6, toa 1.3 kwenye namba uliyosoma. Kikizidi kwa 3, toa 3. Kikizidi kwa chini ya 3, futa kipimo hicho, hujapima kitu.

Feni zilichomolewa moja moja. Feni tatu za mbele peke yake zilisoma desibeli 44. Ya nyuma ilikuwa ndogo sana kulinganisha nazo, na ile ya prosesa ilishika nafasi ya pili, ila tu mashine inapofanya kazi nzito. Mwenye studio alidhani ukiondoa feni moja kati ya tatu kelele inapungua kwa theluthi. Desibeli haziendi hivyo. Kutoka feni tatu zinazolingana hadi mbili unapungukiwa na desibeli 1.8 tu, kiasi ambacho sikio la kawaida linahitaji kuambiwa ndipo likisikie. Kinachoshusha kelele kweli ni mwendo. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi wa feni, kelele hufuata mara 50 ya logi ya uwiano wa raundi: ukipunguza mwendo kwa nusu unashuka kama desibeli 15. Hewa inayopita, kwa upande wake, inashuka nusu tu. Biashara nzuri ya feni ipo hapo hapo, kwenye kuzungusha taratibu, mradi hewa ipate njia.

Joto la Dar halitolewi na feni

Feni haipoozi hewa. Inaisogeza tu. Chumba kikiwa na digrii 31, hakuna feni duniani itakayofikisha prosesa digrii 30. Kwa hiyo mtu akikwambia feni yake "inakaa 65" na hakutaja chumba kilikuwa na digrii ngapi, hajakwambia lolote. Digrii 65 za ofisi yenye kiyoyozi Posta ni digrii 74 za chumba kilichofungwa Sinza mwezi wa pili. Namba inayolinganishika ni tofauti: joto la prosesa toa joto la hewa inayoingia kwenye kasha. Kipimajoto kinaning'inizwa sentimita 10 mbele ya matundu ya kuingizia hewa. Hakiwekwi ukutani, na hasa si kwenye chumba cha sponji, ambako pembe moja inaweza kuizidi nyingine kwa digrii nzima au zaidi.

Jambo la pili linaloharibu ulinganisho wa feni, na wengi hulikosea, ni kuacha feni nyingine zijiendeshe. Ukiweka feni mbovu mbele, ile ya kadi ya grafiki inaongeza mwendo yenyewe kufidia, joto linabaki pale pale, nawe unaandika kwamba feni zote ni sawa. Kwenye majaribio haya feni ya prosesa ilifungwa kwenye asilimia 70, za kadi ya grafiki asilimia 55, ya nyuma raundi 900. Kilichobadilika ni feni za mbele peke yake. Mzigo ulikuwa mmoja kila mara: mradi ule ule wa video, unaotumia prosesa na kadi kwa pamoja, mpaka joto lisibadilike kwa zaidi ya digrii 1 ndani ya dakika 5. Kwa mashine hii ilichukua dakika 25 hivi. HWiNFO64, programu ya kusoma joto la mashine, ilirekodi kila sekunde 2, na wastani ukachukuliwa wa dakika 10 za mwisho. Kila jaribio lilirudiwa mara tatu. Marudio yalitofautiana kwa digrii 1, kwa hiyo tofauti yoyote ya digrii 1 kati ya feni na feni isisumbue kichwa.

Kabla ya feni mpya, mashine ilivyokuja: prosesa ilizidi hewa ya chumba kwa digrii 58, kadi kwa digrii 52. Chumba kikiwa na 31, prosesa iko 89. Kikomo cha Ryzen 5 5600 ni digrii 90. Ikigusa hapo inapunguza kasi yenyewe ili isijiunguze. Usiku, chumba kikiwa na digrii 28, ilikuwa inaponea. Mchana baada ya saa moja ya kurenda mlango ukiwa umefungwa, chumba kilifika 33.5 na prosesa ikaanza kujibana. Ndiyo siri ya harusi za mchana kuchelewa.

Sponji nayo ina sehemu yake hapa. Hewa ya chumba kile ni kilo 33 hivi. Mashine yenye skrini mbili na spika inayokula wati 250 ingeipandisha digrii zaidi ya 25 kwa saa kama kuta zisingekuwa zinanyonya joto. Ukizivalisha kuta sponji umezivalisha sweta. Kwa tatizo hili hakuna feni ya kununua: kurenda kufanyike mlango wazi au kiyoyozi kikiwashwa, maana wakati huo maiki imezimwa.

Kioo

Hesabu ndogo iliyoelekeza kidole mahali sahihi ni hii. Prosesa hii inaruhusiwa kuvuta hadi wati 76, kadi hadi wati 125. Tuseme wati 200. Hewa ya joto la Dar ikiruhusiwa kupanda digrii 10 inapopita ndani ya kasha, inatakiwa mita za ujazo 62 kwa saa kubeba joto hilo. Feni moja ya milimita 120 ya kawaida, kwenye karatasi, inapuliza zaidi ya hapo. Hapa zipo tatu. Basi kama joto halitoki, feni zinazunguka ila hewa haiendi.

Karatasi ya chooni ilimaliza mjadala. Kipande chembamba kilishikwa kwenye upenyo wa pembeni mwa kioo, wa sentimita 1 hivi, kikavutwa kidogo tu. Kikashikwa ndani ya kasha, kati ya feni ya juu na ukuta wa mbele, kikavutwa kwa nguvu kuelekea mbele. Feni ilikuwa inanyonya hewa ya moto iliyomo ndani ya kasha, inaizungusha na kuirudisha ndani. Feni ikinyimwa hewa mbele haiachi kuzunguka; inatafuta hewa popote, na iliyo karibu ni ile iliyokwisha pita kwenye kadi ya grafiki.

Kioo kikavuliwa. Feni zile zile, mwendo ule ule: prosesa ikashuka kutoka digrii 58 juu ya chumba hadi 50, kadi kutoka 52 hadi 44. Digrii 8 bila kutumia shilingi. Kelele ilipanda kidogo kwa sababu kioo kilikuwa kinaificha, kutoka 44 hadi 45.

Kuacha wazi hakufai Sinza, vumbi la barabara ya ndani lingeijaza kasha baada ya wiki chache. Fundi wa alumini alitengeneza fremu ya saizi ya kioo na kuitia wavu wa mbu, ule wa madirishani. Wavu unagharimu digrii 1 ukiwa msafi. Wengine huweka wavu wa mbu mara mbili "ili vumbi lisipite". Usifanye hivyo, uzi ukipishana matundu yanabaki kama nusu. Pia sponji nyembamba iliwekwa kuzunguka feni, kuziba nafasi kati ya fremu za feni na ukuta wa kasha, ili hewa ya ndani isirudi mbele. Sponji ilikuwa tele.

Feni kwa feni

Sasa ndipo feni zenyewe zilipolinganishwa, na inafaa kusema kwa nini karatasi za viwandani hazikutosha. Chukua mbili za kampuni ya Noctua: NF-A12x25 inaandikwa raundi 2000, mita za ujazo 102.1 kwa saa, shinikizo milimita 2.34 za maji, desibeli 22.6. NF-P12 redux-1700, ya bei ndogo zaidi, inaandikwa raundi 1700, mita za ujazo 120.2, shinikizo 2.83, desibeli 25.1. Kwa namba hizo ya bei ndogo inapuliza zaidi. Ila hewa hiyo imepimwa bila kizuizi chochote na shinikizo limepimwa hewa ikiwa imezibwa kabisa, na kasha lako haliko kwenye hali yoyote kati ya hizo mbili, liko katikati. Halafu P12 ya Arctic inaandikwa 0.3, lakini ni soni, kipimo kingine cha sauti, si desibeli, na hewa yake inatajwa pia kwa futi za ujazo kwa dakika: 56.3, ambazo ni mita za ujazo 95.7 kwa saa. Futi moja ya ujazo kwa dakika ni mita za ujazo 1.7 kwa saa. Ukisahau kubadilisha unaweza kudhani feni moja ina nguvu mara mbili ya nyingine, na madukani kosa hilo ni la kila siku.

Njia ya haki ni moja: zilinganishwe kwa kelele sawa. Kila feni inapandishwa au kushushwa mpaka kipima sauti kisome namba ile ile, halafu ndipo joto linapimwa. Hapa namba iliyochaguliwa ni desibeli 38 kwa sentimita 30, feni tatu zikiwa mbele ya mashine.

Kundi la kwanza ni zile za taa zilizokuwepo. Hazina waya wa kuamuru mwendo, kwa hiyo zililishwa umeme kutoka kwenye pawa saplai ya kurekebisha volti ya fundi simu, ile iliyo kwenye kila meza ya fundi mtaani. Kwa volti 9.2 zilitua raundi 930. Kundi la pili ni feni nyeusi za bei ya chini, panga 5 pana, pini nne, mwisho raundi 1800. Kundi la tatu ni za bei ya karibu mara tatu, panga 9, ambazo ncha za panga zinakaribia fremu kiasi kwamba karatasi nene haipiti. Mwisho raundi 2000.

Kwa desibeli 38, wavu ukiwa umefungwa, za taa ziliacha prosesa digrii 53 juu ya chumba na kadi digrii 47. Za panga 5, kwa raundi 1080: digrii 50 na 44. Za panga 9, kwa raundi 1150: digrii 49 na 43. Kati ya za bei ya chini na za bei ya juu kuna digrii 1, yaani ndani ya kosa la kipimo. Kati ya za taa na nyingine kuna digrii 3, hiyo ni ya kweli, na sababu yake inaonekana kwa macho: pete ya taa imekula sehemu ya nafasi ya panga, na kitovu cha mota ni kinene.

Halafu zikaachiwa mwendo wa mwisho. Za panga 5 zilisoma desibeli 49, prosesa ikawa 46. Za panga 9, desibeli 50, prosesa 45. Soma vizuri hapo: desibeli 11 au 12 za ziada, ambazo sikio linazisikia kama kelele iliyozidi mara mbili, zimenunua digrii 4. Ile ya seva ya milimita 38 haikuwekwa kwenye mashindano. Ilifaa zaidi kukaushia nguo.

Kilichobaki kinazuiwa na hitsinki. Hewa baridi ikifika kwenye hitsinki ndogo, haina mapezi ya kutosha kupokea joto. Ilipobadilishwa kwa hitsinki ya mnara yenye mabomba manne ya shaba na feni moja ya milimita 120, prosesa ilishuka kutoka digrii 50 hadi 34 juu ya chumba kwa feni za mbele zile zile, mwendo ule ule. Digrii 16 kwa kifaa kimoja. Aliyetaka feni tatu za bei ya juu kwa ajili ya prosesa angepata 1.

Mvumo wa panga tano

Kama kompyuta ingekuwa ya kuhariri tu, feni za panga 5 zingechukua ushindi bila maneno. Ila maiki ilisikia kitu ambacho kipima sauti hakikukionyesha. Kati ya raundi 950 na 1050 feni hizo zilitoa mvumo wenye noti, kama mtu anayeguna mdomo ukiwa umefungwa. Kipima sauti kinajumlisha kila kitu kuwa namba moja, na kipimo cha kawaida kinapunguza sauti za chini makusudi ili kifanane na sikio, kwa hiyo mvumo wa chini unajificha humo.

Hesabu yake ni rahisi: raundi kwa dakika gawanya 60, zidisha idadi ya panga. Raundi 1000 kwa panga 5 ni mitetemo 83 kwa sekunde, na sauti ya juu inayoambatana nayo, ya mara mbili yake, ni 167. Sauti ya mwanaume anayeongea huanzia kwenye eneo hilo hilo. Ukikata sauti za chini kwenye mixa kwa 80, kama wanavyofanya watu wengi, mvumo unapita mlangoni salama. Ukikata juu zaidi unamkata na msanii kifua. Panga 9 kwa raundi 1000 ni 150, na feni ile haikuwa na mlio wenye noti, ilikuwa "shhh" tupu. Sauti ya aina hiyo programu ya kusafisha kelele inaiondoa bila kuacha kovu. Hapo ndipo pesa za ziada zinapopata kazi, na si kwenye joto.

Kulikuwa na jingine: "wuu-wuu-wuu" mara mbili kwa sekunde. Feni mbili zinazopokea amri moja hazizunguki sawasawa. Tofauti ya raundi 24 tu, kwa panga 5, inazaa mdundo wa mara 2 kwa sekunde. Dawa ni kuzitenganisha makusudi, moja iachwe raundi 150 au zaidi kutoka mwenzake, mdundo unakuwa wa haraka kiasi kwamba sikio haliufuati.

Skrubu zilichangia pia. Moja ilikuwa imekazwa mpaka fremu ya feni ikapinda kidogo, na bati jembamba la kasha likawa ngoma. Pini za mpira badala ya skrubu zilimaliza mlio huo.

Kadi iliyokuwa inaamka na kulala

Kero hii ni ya nchi za joto. Kadi nyingi za sasa zinasimamisha feni zake kabisa mashine ikiwa haina kazi, mpaka joto lipite kama digrii 50 au 60 kutegemea kadi. Kwenye nchi za baridi kadi iliyopumzika haifiki huko. Sinza, chumba kikiwa 32 na kasha limezibwa kioo, kadi isiyofanya lolote ilipanda polepole hadi mpakani, feni zikaamka kwa nguvu, ikapoa digrii kadhaa, zikalala, na mzunguko ukaanza upya kila dakika chache. Kelele inayokuja na kuondoka ni mbaya kuliko ya kudumu, kwa sababu programu ya kusafisha sauti inahitaji mfano mmoja wa kelele usiobadilika. Kioo kilipotoka na feni moja ya mbele ikazunguka raundi 600 bila kusimama, kadi ilitulia chini ya mpaka wake. Kama isingetosha, feni za kadi zingelazimishwa asilimia 30 muda wote.

Kilichofungwa

Mbele ziliwekwa feni mbili za panga 5, chini na katikati, kadi ikipata ya kwake. Nafasi ya juu ilizibwa kwa kadibodi ili hewa isirudi. Nyuma moja ya aina hiyo hiyo. Zote tatu kwa pamoja zilikaribia bei ya moja ya panga 9, na mwenye studio alichagua hivyo akijua mvumo upo. Kazi ikawa kuukwepa.

Za mbele zilichomekwa kwenye soketi moja ya mazabodi kwa waya wa kugawa. Soketi ya kawaida inabeba ampia 1, na feni ya aina hii haili hata 0.3, kwa hiyo mbili ni salama. Mazabodi itasoma raundi za moja tu kati ya hizo mbili, usishtuke. Ya nyuma ilipewa soketi yake ili iachane nazo kwa mwendo. Mwelekeo ulihakikiwa kwa karatasi, si kwa kukisia: hewa inatokea upande wenye mikono inayoshika mota.

BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye mazabodi, haioni joto la kadi ya grafiki, inafuata prosesa tu, na hapa kadi ndiyo yenye joto kubwa. Ikatumika programu ya bure iitwayo FanControl, iliyoagizwa kufuata lenye joto zaidi kati ya viwili hivyo. Chini ya digrii 65 feni za mbele hukaa raundi 800, ya nyuma 650. Kuanzia 65 zinapanda hadi 900, kisha zinaruka moja kwa moja hadi 1100 bila kukaa kati, hadi 1300 kwenye digrii 80. Ziliambiwa pia zisubiri sekunde 8 kabla ya kubadili mwendo, la sivyo Ryzen, ambayo joto lake linaruka ruka hata ukifungua faili, ingezifanya zipande na kushuka kama pumu.

Kwa raundi 800 kipima sauti kiligoma: kilisoma 33, yaani chumba kile kile. Maiki ilionyesha kelele ya kompyuta imeshuka desibeli 12 kutoka ilivyokuwa. Kwenye kurenda, chumba kikiwa 31, prosesa inatulia 66 na kadi 76, na video ya mchana inachukua muda sawa na ya usiku.

Baada ya wiki tatu kadi ilikuwa imepanda digrii 3. Wavu wa mbu ulikuwa umevaa zulia jembamba la kijivu, nusu vumbi nusu unyevu wa chumvi, ambalo brashi kavu hailitoi. Unavuliwa, unaoshwa kwa maji na sabuni, unakaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Wiki mbili ndiyo kipindi kilichoandikwa kwa kalamu ya maka kwenye fremu yenyewe. Kwa feni, blowa inatosha, ila panga lishikwe kwa kidole: feni inayopulizwa ikazunguka ovyo inapita mwendo wa beringi zake na kugeuka dainamo ndogo inayorudisha umeme kwenye mazabodi. Ile ya zamani ya mgongoni ilishaanza kukwaruza, na fundi mmoja alishaiwekea mafuta ya cherehani kwenye kitovu. Ilinyamaza siku tisa.